Mainoo ni namba 6, 8 au 10? Na hawa madogo wengine wa England wachezeshwe wapi

Swali: Shikamoo kocha. Mimi ni shabiki wa Man U, kijiweni kwetu kila wikiendi ni ugomvi. Kuna wanaosema kiungo wetu Mainoo ni namba 6, mimi nasema ni 8, kuna jamaa wa Arsenal anasema dogo ni namba 10 ila makocha ndo wanamharibu, halafu huyo huyo anatutambia madogo wao Lewis-Skelly na Nwaneri kila siku. Tusaidie, namba halisi za hawa madogo wa Kiingereza ni zipi na nani kati yao atafika mbali kweli, maana tumechoka kuona wanaimbwa halafu wanapotea.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kwa Mainoo ushindi nakupa wewe, ni namba 8, ila usikimbilie kijiweni kutamba kabla hujamaliza kusoma kwa sababu ni 8 wa aina yake, ukimtoa kwenye hiyo aina anakuwa mchezaji wa kawaida tu na jamaa zako watakucheka.

Kwa asiyezijua hizi namba, 6 ni kiungo wa chini anayelinda mabeki, 8 ni wa kati anayepanda na kushuka, 10 ni wa juu anayecheza nyuma ya straika. Mimi nikiangalia dogo wa kiungo sianzi na mguu anaotumia wala mabao. Naangalia anapokea mpira akiwa ametazama wapi. Kuna wanaopokea huku wamelipa mgongo goli la mpinzani, mtu kawaganda nyuma, na bado wanageuka. Kuna wanaotaka mpira uwakute wanauona uwanja wote mbele yao, ukimbana mgongoni kwisha habari yake. Na kuna wale ambao hawapokei kabisa, wao wanakutana na mpira ndani ya boksi, wanatokea tu. Ukishamjua dogo yuko kundi gani, namba yake haisumbui. Watu wengi kijiweni wanaanza na namba ndo wanatafuta sababu, hapo ndo mnapogombana bure.

Mainoo yuko kundi la kwanza. Sasa rudia mechi ya kwanza Mainoo kuanza kwenye ligi, Everton ugenini Goodison Park, Novemba 2023, ile ambayo Garnacho alipiga tikitaka. Nyie wote mnakumbuka tikitaka. Mimi nilikuwa namwangalia dogo wa miaka 18 kwenye uwanja uliochafuka, mashabiki wa Everton wana hasira za pointi 10 walizokatwa, presha kila kona, na yeye anakwenda kuomba mpira kwa mabeki wake huku kiungo wa Everton anakuja spidi nyuma yake. Hapigi ule mpira fasta kuurudisha. Anausubiri, anamwacha jamaa akaribie kabisa mpaka anaona kama ameupata, halafu anaachia mpira upite mbele ya mwili wake na kugeuka upande wa pili, jamaa kashapita na kasi yake. Tayari mtu mmoja kaondolewa mchezoni na hakuna pasi yoyote iliyopigwa. Mechi ile ile aliokoa na mpira kwenye mstari wa goli. Hicho cha kumvuta mtu na kumuacha ndo kipaji chake, mengine yote ni nyongeza.

Kipaji cha namna hiyo kina thamani kubwa sana kwenye dimba la kati na kina thamani ndogo sehemu nyingine. Kama namba 6 peke yake anaumia, kwa sababu 6 wa peke yake kazi yake nusu ni kukimbia kwenda kuziba kule mpira ulikopotea, na Mainoo hana ile hatua ndefu ya kumfikia mtu aliyeshampita, ndo maana Man U ilipokuwa inacheza imeachana katikati kama barabara kuu watu walikuwa wanampita kushoto na kulia na lawama zinakuja kwake. Kama namba 10 pia hapana. Pale kati ya viungo na mabeki nafasi ni ndogo, ukishamgeuka mtu mmoja yuko wa pili hapo hapo, na inabidi uwe na ile pasi ya mwisho ya kuua au mabao 12 kwa msimu. Yeye hana hivyo vitu kwa wingi.

Amorim, kocha wa Man U wakati ule, alimjaribu kule juu. Februari 2025 dhidi ya Crystal Palace pale Old Trafford alimpanga mbele kabisa, mastraika halisi wako benchi, wakapigwa 2-0. Najua jamaa wa Arsenal atakuletea goli la Lyon, robo fainali ya Europa League Aprili 2025, dakika ya 120, Mainoo anatulia ndani ya boksi kama yuko mazoezini anaweka 4-4. Kweli alitulia. Ila dakika ile ile Man U walikuwa wamemtupa Maguire mbele akafunga la 5, sasa kwa hesabu hiyo beki Maguire naye ni namba 9, straika.

Namba yake ni 8 kwenye viungo wawili, pembeni ya mtu anayeziba. Ushahidi mzuri uko Euro 2024. Kocha wa England wakati ule, Southgate, alianza na Trent Alexander-Arnold pale katikati na Rice, mechi mbili, haikukaa. Akaweka Gallagher dhidi ya Slovenia, mapumziko akamtoa. Akaingia Mainoo na hakutoka tena, Slovakia, Uswisi, Uholanzi, mpaka fainali na Hispania, ana miaka 19. Mechi ya Uholanzi kule Dortmund irudie ukipata muda, Rice anakaa, Mainoo anapanda, na karibu kila shambulizi la maana la kipindi cha kwanza limepitia miguuni kwake. Na Carrick alipoichukua Man U Januari 2026 baada ya Amorim kuondoka, kitu cha kwanza alichofanya ni kumrudisha dogo pembeni ya Casemiro. Carrick mwenyewe alikuwa kiungo wa kazi hiyo, sidhani kama alihitaji kukaa na kompyuta kulijua hilo.

Halafu hili la Waingereza kuwapanga watu siko halikuanza leo. Wakubwa zenu kijiweni wanamkumbuka Paul Scholes. Euro 2004 alisukumwa kushoto ili Gerrard na Lampard wakae kati, mwaka huo huo akastaafu timu ya taifa. Miaka 20 baadaye kabisa, Euro 2024, Phil Foden ametoka kufunga mabao 19 ya ligi na kuchukua tuzo ya mchezaji bora England akicheza mara nyingi katikati nyuma ya Haaland, anafika timu ya taifa anawekwa wapi? Kushoto. Mashindano yakaisha hana bao hata moja. Mechi aliyoonekana Foden yule wa City ni hiyo hiyo ya Uholanzi, aliposogezwa ndani, akagonga mwamba na mpira mwingine Dumfries akautoa mstarini.

Sababu yake unaijua? Wana namba 10 wengi mno. Mwaka 2012 walibadilisha mfumo mzima wa akademi zao, madogo wakaanza kupewa saa nyingi zaidi za mazoezi na makocha wa kulipwa, na kazi ikawa kufundisha kupokea na kugeuka badala ya kubutua. Matokeo yakaonekana haraka. Oktoba 2017 kule Kolkata, India, fainali ya Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, wanafungwa 2-0 na Hispania wanarudi wanashinda 5-2, Foden anafunga mawili na kubeba tuzo ya mchezaji bora wa mashindano. Kikosi kile kilikuwa na Smith Rowe, Gibbs-White, Angel Gomes, Gallagher, Hudson-Odoi, na Sancho alikuwepo mpaka Dortmund walipomuita arudi. Hesabu mwenyewe wangapi hapo walikuwa wanataka kucheza eneo lile lile. Na kila mwaka akademi inatoa wengine.

Oktoba 2024 Lee Carsley, akiwa kocha wa muda, aliamua kuwachezesha wote mara moja. Wembley dhidi ya Ugiriki akaanza na Bellingham, Foden, Palmer, Saka na Gordon, hakuna straika hata mmoja. Watu tulikuwa na hamu kweli kweli. Wakafungwa 2-1, na kilichouma zaidi ni kuona wote watano wanaufuata mpira miguuni na hakuna anayekimbia nyuma ya mabeki. Ila Carsley nisimseme sana, kwa vijana chini ya miaka 21 alikuwa na jicho, alichukua Euro yao 2023 akimtumia Gordon kama straika wa uongo, yaani anapangwa mbele ila anashuka kuomba mpira, Gordon akawa mchezaji bora wa mashindano, na akachukua tena 2025 kule Slovakia kwa kuifunga Ujerumani 3-2 kwenye dakika za nyongeza.

Kwa hiyo wale wanaokosa nafasi ya 10 wanakwenda wapi? Sikuhizi wanakuwa mabeki wa pembeni. Hapa ndo namjibu jamaa yenu wa Arsenal. Lewis-Skelly akademi nzima alikuwa kiungo, kocha Arteta ndo kampeleka namba 3 kwa sababu Arsenal mpira ukiwa wao yule beki wa kushoto anaingia kati. Lewis Hall wa Newcastle naye katoka Chelsea akiwa kiungo. Nico O'Reilly wa City, jitu la mita 1.93, alikuwa kiungo wa juu, Guardiola akamgeuza beki wa kushoto 2025 na Novemba mwaka huo kashacheza England.

Lewis-Skelly ana kitu kinachofanana na cha Mainoo, anavuta mtu, ila yeye anamalizia kwa nguvu. Irudie ile ya Real Madrid Aprili 2025 pale Emirates, bao la tatu, anaubeba mpira kutoka kushoto anaingia nao ndani watu wanamfuata, anatulia, anampasia Merino, kwisha. Wiki chache kabla ya hapo kwenye mechi ya kwanza ya Tuchel kama kocha wa England, dhidi ya Albania, alifunga bao akawa mchezaji mdogo kuliko wote kuwahi kufunga mechi yake ya kwanza England, miaka 18. Kichwa kigumu pia, kadi yake ya njano ya kwanza Arsenal alipewa akiwa benchi hajaingia hata uwanjani. Lakini beki wa kushoto wa kudumu mimi simuoni. Mipira ya juu inayotoka upande wa pili inampa shida, mwili wake hauna urefu, na Calafiori akiwa mzima msimu wa 2025/26 ndo anayeanza. Hiyo namba 3 ilikuwa mlango wa kuingilia tu. Namba yake ya baadaye ni 8 wa kushoto, na kama Arsenal hawatampa basi kuna klabu nyingine itampa, na hapo mtaona mchezaji ambaye hamjamuona bado.

Nwaneri ni kesi ngumu kidogo na hapa natofautiana na wengi. Mnamuona winga wa kulia kwa sababu ndo alipocheza Saka alipoumia nyama za paja Desemba 2024, anatoka kulia anaingia na mguu wa kushoto anapiga kona ya mbali, msimu ule akafikisha mabao 9 kwenye mashindano yote. Mabao matamu. Lakini muangalie anapobaki kwenye mstari na beki, mmoja kwa mmoja, hana ile spidi ya kumtoa mtu nje, lazima aingie ndani, na beki akishalijua hilo anamfungia mlango. Huyu mpira umkute ndani, upande wa kulia kidogo, ametazama goli. Yaani namba 10 anayeegemea kulia, au 8 wa juu. Pale Arsenal eneo hilo lina Ødegaard, halafu Agosti 2025 wakamleta Eze juu yake, ndo maana Januari 2026 akaenda Marseille kwa mkopo, na mimi niliona ni jambo jema. Dogo aliyecheza ligi akiwa na miaka 15 na siku 181 hahitaji kusifiwa tena, anahitaji dakika.

Hujamuulizia kiungo Adam Wharton na hilo ni kosa. Huyu ndo wa kundi la pili, mpira umkute anauona uwanja wote. Kabla mpira haujamfikia ameshageuza kichwa mara mbili au tatu, halafu ukifika hakai nao, mguu wa kushoto, mguso mmoja, umeshapita katikati ya viungo wawili wa mpinzani na uko kwa fowadi. Wachezaji wengi wa England wakipata mpira pale chini wanaupeleka pembeni, yeye jicho la kwanza ni mbele. Crystal Palace walimchukua Blackburn mwanzoni mwa 2024 daraja la pili, miezi michache baadaye yuko kikosi cha Euro, ingawa hakucheza hata dakika moja, na Mei 2025 ana medali ya Kombe la FA baada ya kuifunga City. Namba 6 kwenye viungo wawili, basi, usimpandishe juu, usimpeleke pembeni. Shida yake ni mbio za kurudi, ukimuacha peke yake atapitwa. Mkimuona klabu kubwa imemnunua na kumweka 6 wa peke yake mjue hela imepotea.

Na kama kuna mtu anataka mfano wa mchezaji aliyeipata namba yake kwa kushuka chini, ni Elliot Anderson. Sio mtoto tena, amezaliwa Novemba 2002, lakini hadithi yake tamu. 2022 alikuwa kwa mkopo Bristol Rovers anacheza mbele, winga, siku ya mwisho ya ligi daraja la nne wanahitaji mabao mengi ili wapande, wakashinda 7-0 na la 7 alifunga yeye kwa kichwa. Newcastle wakamuuza Nottingham Forest 2024 kwa sababu ya hesabu zao za sheria za matumizi, na kule Forest ndo akashushwa dimbani. Kumbe zile chenga za winga na yale mapafu yanafaa zaidi mita 30 nyuma, anapokonya mpira na anaondoka nao yeye mwenyewe. Sasa hivi Tuchel anamweka pembeni ya Rice bila kufikiria mara mbili, na kusema kweli huyo ndo anayemziba Mainoo timu ya taifa, sio chuki ya kocha.

Rio Ngumoha wa Liverpool hana utata. Winga wa kushoto, mguu wa kulia, muacheni hapo hapo. Wote mliona ile ya Newcastle Agosti 2025, dakika ya 100, Salah anapiga mpira ndani, Szoboszlai anauruka makusudi, dogo anauweka wavuni kwa utulivu, 3-2, bado siku 4 tu atimize miaka 17. Anamkabili beki uso kwa uso bila woga na hicho England hawana kingi, kwa hiyo yeyote atakayewaambia ageuzwe namba 10 mfukuzeni kijiweni.

Sasa kwa nini wanaimbwa halafu wanapotea. Sababu ziko mbili na wala sio mambo ya kiroho. Moja ni mwili. Jack Wilshere Februari 2011 aliwasumbua Xavi na Iniesta pale Emirates akiwa na miaka 19, Arsenal wakashinda 2-1, na 2022 amestaafu soka ana miaka 30, vifundo vya miguu vimegoma. Alichezeshwa mechi nyingi mno mapema. Ya pili ni hii ya namba tunayoizungumza. Dele Alli alifunga mabao 18 ya ligi msimu wa 2016/17, na karibu yote yalikuwa ya kutokea tu, yule wa kundi la tatu, Kane anawavuta mabeki yeye anaingia nyuma yao. Mambo yake mengine ya maisha kayasema mwenyewe hadharani na yanatosha kumchosha mtu yeyote, lakini uwanjani pia kila alipoambiwa ashuke apokee mpira katikati, acheze kama kiungo, alionekana hajui mpira. Hakuwa kiungo, ndo hivyo.

Kuna upande wa pili pia, wale wanaoweza kucheza popote. Bellingham pale Birmingham alivaa jezi namba 22 kwa sababu makocha wa akademi walimwambia anaweza kuwa 4, 8 na 10, jumlisha unapata 22. Madrid msimu wa kwanza akasogezwa juu akafunga mabao 19 ya ligi, Mbappé alipokuja akarudi chini kidogo. Watu kama hao ni mmoja kwa kizazi, msiwapimie wengine kwake.

Kuhusu nani atafika mbali, nikiambiwa nichague mmoja wa kucheza miaka 12 kwenye levo ya juu bila kelele namchukua Wharton, mradi ile misamba iliyomfanya afanyiwe upasuaji 2024 isirudi. Mwenye uwezo wa kuamua fainali ni Mainoo, ameshafanya hivyo, muulizeni mtu yeyote wa City kuhusu Mei 2024 pale Wembley, Bruno anampasia bila hata kumtazama na dogo anaweka la pili. Lewis-Skelly yuko nyuma yao kidogo mpaka arudi kiungo. Nwaneri namsubiri.

Ila kama ni kipaji kitupu, bila kuangalia kitu kingine, jamaa wa Arsenal anaweza kutamba kwa Max Dowman, na nashangaa hakumtaja. Kazaliwa Desemba 31, 2009. Agosti 2025 kaingia dhidi ya Leeds ana miaka 15, akasababisha penalti, Novemba akawa mchezaji mdogo kuliko wote kuwahi kucheza Ligi ya Mabingwa, kule Prague. Mguu wa kushoto, anaanzia kulia, mpira unamganda na anabadilisha mwelekeo akiwa kwenye spidi bila kupunguza. Kwa sasa akae winga wa kulia kwa sababu pale makosa hayaigharimu timu na beki wa kumkaba ni mmoja, akifika miaka 19 aingizwe ndani awe 10. Na asianze mechi 40 kwa msimu kabla ya hapo, hata kama nyie wa kijiweni mtapiga kelele kwamba Arteta anamkalisha benchi.